Filamu ya Vijana ya Nairobi Haiwezi Kuishia Kwenye Dansi

Filamu za matineja zina kanuni ambazo hata asiyewahi kukanyaga Marekani anazijua. Shule ina makabati ukutani. Ukumbi wa chakula una meza ya kila kundi. Kuna msichana mkimya anayepuuzwa mpaka siku atakapovua miwani, kuna wazazi wasioonekana, na mwishoni kuna dansi ambayo hutatua kila kitu. Wengi wetu tuliokulia Nairobi tulizijua kanuni hizo kupitia DVD zilizouzwa mtaani River Road, muda mrefu kabla ya kuwaza kwamba shule zetu wenyewe zina hadithi. Sizidharau hata kidogo. Nazipenda filamu hizi, na ndiyo maana najali sana ni kanuni ipi inashikwa na ipi inavunjwa.

Chukua The Breakfast Club ya John Hughes, ya mwaka 1985. Wanafunzi watano wanaadhibiwa kwa kukaa maktabani Jumamosi nzima: mwerevu wa darasa, mwanamichezo, binti wa kitajiri, mkorofi, na yule asiyeeleweka. Wanapoendelea kuzungumza, majina hayo yanawabanduka mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo yenyewe yanagusa moyo hadi leo. Halafu karibu na mwisho Claire, yule binti wa kitajiri, anamkalisha Allison, yule asiyeeleweka, anampamba uso, anamwondolea nywele machoni, na papo hapo yule mwanamichezo anamwona. Kila nikifika hapo naudhika. Msichana aliyekuwa na mambo yake ya pekee kuliko wote anatuzwa kwa kufananishwa na wenzake. Kanuni iliyofukuzwa tangu asubuhi imerudi kupitia dirishani.

Mean Girls, iliyoandikwa na Tina Fey na kutoka mwaka 2004, ilikuwa na busara zaidi. Ilizishika kanuni zote, dansi ikiwemo na taji likiwemo, kisha ikamfanya mshindi alivunje taji lenyewe na kuwarushia wenzake vipande. Lakini kuna jambo humo ambalo mtazamaji wa Nairobi hawezi kulipita. Cady, mhusika mkuu, anatoka Afrika, ambako wazazi wake walikuwa wakichunguza wanyama, na Afrika hiyo haina shule wala marafiki wa kike wala fitina. Kumbukumbu anayokuja nayo ni ya wanyama, ambao baadaye anawafananisha na wanafunzi wenzake. Yeyote aliyesoma shule ya wasichana hapa Kenya anajua kwamba fitina Cady angezijua zote kabla hajapanda ndege.

Kwangu, iliyovunja kanuni kwa uzito wote ni Sarafina!, ya mwaka 1992. Inaanza kama filamu yoyote ya shule: binti anayeota kuwa nyota, mwalimu anayependwa, nyimbo, onyesho la kuandaliwa. Tuko Soweto, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, mwaka 1976, kwa hiyo anayeingia darasani ni askari mwenye bunduki. Mwalimu anakamatwa na hatoki hai. Uchungu wake unatokana na kwamba filamu ilikuwa imetuahidi ujana wa kawaida, nasi tukaamini.

Filamu ya Rafiki, ya mwongozaji Wanuri Kahiu, inafanya jambo linalokaribiana na hilo, na imepigwa picha hapa hapa Nairobi. Kena na Ziki ni wasichana wanaopendana, na baba zao wanashindania kiti cha bunge la kaunti. Wamemaliza shule, wanasubiri matokeo ya mtihani. Wana gari bovu wanalojifichia. Mpaka hapo ni kanuni tupu, na rangi zake zinang'aa kwa furaha. Inapovunja ni kwa watu wazima. Kwa Hughes watu wazima karibu wote wanabaki nje ya hadithi, lakini katika mtaa wa Kena kila mtu anaona: mama wa kibanda anaona, kanisa linaona, na mwishowe umati unafika mlangoni. Aliyekulia katika mtaa wowote wa jiji hili anajua kwamba hapa kijana hana siri.

Filamu hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Aprili 2018, mwezi mmoja kabla ya kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mwisho wenye matumaini ndiyo kanuni kongwe kabisa ya filamu za vijana, ile inayosamehewa kila mahali, na hapa ndiyo iliyogeuka kosa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiondoa marufuku kwa siku saba, na watu wakajaza sinema. Naamini walitaka kuuona ujana unaofanana na walioishi.

Ujana huo bado una pengo kubwa kwenye skrini: bweni. Tahidi High, tamthilia ya shule ya Citizen TV, ilithibitisha kwamba Wakenya watakaa kutazama sare ya shule wiki baada ya wiki. Sasa nataka filamu nzima. Nataka mono, yule mgeni wa kidato cha kwanza, anayefika na sanduku la bati na godoro, kiranja anayeogopwa kuliko mwalimu wa zamu, fanki, ile hafla ya kukutanisha shule, ambamo shule mbili zinatazamana huku walimu wakipima umbali kwa macho. Nataka rafiki anayeitwa ofisini Jumatatu, na kufikia saa nne ametumwa nyumbani kutafuta karo, na hakuna ajuaye kama atarudi. Tukio hilo pekee linatosha filamu.

Na dansi iachwe. Kwetu hadithi huishia kwenye matokeo: herufi moja kwenye simu, shangazi anayepiga kuuliza kabla hujamaliza kusoma, jirani aliyesimama mlangoni akisubiri kujua apongeze au anyamaze. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ilianza mwaka 1989, na ya mwisho ni ya 2027, wale wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 watakapomaliza. Wenye kamera waende kwenye mabweni hayo sasa, wakati bado kuna kidato cha nne.