Dole gumba langu limekataa ruzuku

Jamani ndo naingia kutoka Urambo mjini, sijala, na mtu asiniulize mbolea iko wapi.

Ruzuku ya mbolea si hela ya kushika, ni namba, inakuja kwa meseji, unaipeleka kwa wakala anakupa mfuko kwa bei ya serikali. 2022 urea ilitoka 124,734 ikashuka mpaka 70,000, hiyo 34 ya mwisho sijui nani alikuwa na chenji yake ila tulishukuru. Sasa namba yangu iko kwenye laini, laini iko kwenye simu, simu iko chooni chini kabisa toka Jumapili. Tuyaache hayo. Mahindi yameshaanza kuwa ya njano kwa kukosa mbolea.

Nikaenda kurinyuu laini kwa kijana wa chini ya mwavuli pale stendi. "Shikamoo mzee, namba ya NIDA." Nikamwagia tarakimu zote 20 za kitambulisho cha taifa bila kumeza mate, watu wakageuka, nikajiona msomi. "Weka dole gumba." Nikaweka. Kimashine kimya. "Futa kidogo mzee." Nikafuta kwenye suruali, kimya. Akakishika kidole changu akakigeuzageuza kama mteuzi wa tumbaku anatafuta daraja la jani, akasema mzee mbona huna alama?

Mimi sina alama! Toka wiki iliyopita nachuma majani ya chini, gundi ya tumbaku imeganda mikono yote nyeusi kama sufuria ya msibani, alama ziko ndani humo zimelala. Nikaomba limau kwa mama ntilie, 500. Nikasugua. Akaniongezea majivu, hayo bure. Nikasugua na mchanga wa stendi, kondakta mmoja anapita ananiambia mzee usitoe nyama. Tukajaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, foleni nyuma inahesabu kwa sauti kama mnada, na kimashine kila mara kinajibu haifanani, haifanani. Haifanani na nani? Mimi ndo mimi! Nilipandisha sauti kidogo, sikatai. Miaka 19 nalima tumbaku, deni la pembejeo la chama cha ushirika halijawahi kukosea kunitambua hata siku moja, hata nikiwa nimevaa kofia, ila mbolea ikifika ndo nageuka mgeni??

Kijana kwa upole akasema basi mzee mlete mama asajili laini mpya, afisa kilimo atabadilisha namba ya simu ya ruzuku. Mama yupi? Mama ndo anayechuma mbele yangu, kidole chake ukikibandika ukutani kinabaki hapohapo.

Chamani nako nilipita, katibu kaenda msibani. Benki sikuingia, nina akili zangu.

Nikakaa nikafikiria, pale kwangu nani hajagusa jani la tumbaku msimu huu? Yupo mmoja tu. Shemeji. Alikuja kusalimia, huu mwaka wa pili anasalimia. Harufu ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, inampa kichwa, jua linampa kichwa, ugali haumpi. Vidole laini kama andazi halijakaangwa. Nimemwambia kesho twende mjini, kakubali, ila anataka bodaboda yake peke yake, mshikaki hapandi, eti kiuno.