Ng'ombe wa Denmark atatozwa kodi ya gesi. Wa baba yangu je?

Mwaka wa tano huu nakamua ng'ombe Denmark, na siku hizi tukikaa kunywa kahawa baada ya zamu ya alfajiri, mazungumzo ni kodi tu. Kuanzia 2030 gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, zinazotoka kwa mifugo zitatozwa krona 300 (pesa ya Denmark) kwa tani, na kufikia 2035 krona 750. Hakuna nchi nyingine iliyokwisha kupitisha kodi kama hii.

Kuna punguzo la asilimia 60, linalokokotolewa kwa wastani wa gesi ya mnyama wa aina hiyo, kwa hiyo mfugaji wa kawaida ataanza na krona 120 hivi kwa tani. Ng'ombe anayetoa tani 5.6 kwa mwaka atalipiwa krona 672. Ila mfugaji akishuka chini ya wastani, punguzo lake linabaki lilelile, hivyo kila tani anayoiokoa inamwachia krona 300 kamili mfukoni. Hapo ndipo penye akili, na mimi naiunga mkono. Methani, gesijoto anayoicheulia ng'ombe hewani, ina madhara halisi, na mpaka sasa aliyeitoa hakulipa chochote.

Kinachoniuma ni neno linalofuata: "Ng'ombe wa Afrika ni wabaya zaidi." Takwimu wanazozitaja wenzangu zipo. Ripoti ya 2010 ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kilo 7.5 za gesijoto kwa kila kilo ya maziwa kusini mwa Sahara, na kati ya 1 na 2 kwenye nchi za viwanda. Lakini tazama hesabu yenyewe: ni gesi kugawanya kwa maziwa. Kwetu Tanzania, mtamba wa kienyeji anaweza kufika miaka minne hajazaa. Wa hapa huzaa akiwa na miaka miwili hivi. Miaka yote hiyo wa kwetu anakula, anacheua, na hakuna hata kikombe cha maziwa. Azae, ndama afe kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kiangazi kiingie, maziwa yakate. Gesi haikuongezeka, kilichopungua ni maziwa. Umaskini na kupe wameandikwa kwenye takwimu kama uchafuzi.

Na ile soya inayoletwa kwa meli kutoka Amerika Kusini kulisha ng'ombe wa huku? Misitu iliyofyekwa kwa ajili yake haimo kwenye kodi hii.

Mtu asije akaibeba kodi hii kama ilivyo akaitua kwetu. Huku ng'ombe ni mtambo wa maziwa wenye mkopo wa benki nyuma yake. Kwa baba, ng'ombe ndiye benki, ndiye bima. Ada yangu ya sekondari ilikuwa dume mmoja mwekundu. Ukimtoza mfugaji wa namna hiyo kwa kichwa, umetoza akiba yake ya ugonjwa na ya njaa, na wala hatapunguza kundi, maana hana pengine pa kuweka akiba.

Kwetu njia rahisi ya kupunguza gesi ni ileile inayoongeza kipato: josho la kuua kupe linalofanya kazi, chanjo, malisho yaliyohifadhiwa kwa kiangazi, uhimilishaji (kupandikiza mbegu za dume bora) unaofika vijijini. Hapa niseme na ndugu zangu wafugaji pia, maana tunapenda kujitetea. Maziwa yakiongezeka kwa kila ng'ombe na sisi tukaongeza ng'ombe, gesi kwa kila kilo ya maziwa itashuka huku jumla yake ikipanda. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35. Idadi hiyo itapungua pale tu mfugaji atakapoamini kwamba wachache alionao hawatakufa, na kwamba fedha yake ina mahali salama pengine.

Pesa ya kodi ya Denmark itarudi kwa wakulima wa Denmark, kuwasaidia kubadilika. Ni haki yao. Wa kwetu nani atawasaidia? Dunia inayotaka kulipia wengine wapunguze gesi ianzie kwenye josho.

Mwaka juzi baba alipoteza ndama wanne kwa ndigana. Nikatuma hela ya chanjo, ile ya mara moja inayomtosha mnyama maisha yake yote, wakavishwa hereni ya chanjo sikioni. Mwaka jana hakufa hata mmoja. Juzi alinipigia simu: anataka kuuza majike mawili yaliyozeeka, akaniuliza kama kuweka ile pesa benki ni salama.