The Stone Sky: mi nililia kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya Mwezi

Kama hujamaliza The Stone Sky ya N. K. Jemisin ishia hapa, maana nataka kuongelea mwisho wenyewe na siwezi kuuongelea kwa kuzungukazunguka.

Vitabu vyote vitatu vya mfululizo huu, hiki kikiwa cha mwisho, vilichukua Tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za sayansi na fantasia, 2016, 2017 na 2018, kabla yake hakuna mwandishi aliyewahi kuibeba ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, na mi nilidhani hiki cha tatu kilibebwa na jina la viwili vya mwanzo. Hapana jamani.

Hadithi za dunia iliyokufa zikifika mwisho wengi tunauliza kitu kimoja tu, itapona ama haiponi, na jibu humu lipo, Mwezi uliopotea unarudi, sawa. Ila deni lililokuwa linanisumbua mi tangu kitabu cha kwanza ni la watoto wa Essun, mama ambaye ndiye mhusika mkuu. Corundum alizibwa pumzi na Essun mwenyewe, mama mzazi, ili Walinzi, wale wanaowadhibiti watu wenye nguvu ya kutikisa ardhi, wasimchukue akawe mtumwa. Uche kapigwa na baba yake hadi akafa, kisa ana nguvu hiyohiyo. Kabaki Nassun, ambaye mama alimvunja mkono eti anamfunza kujizuia, vilevile kama Essun alivyovunjwa na Mlinzi wake utotoni. Sasa hawa wawili ndo wanakutana, mama anataka kuurudisha Mwezi, binti anataka kila binadamu ageuke kiumbe wa jiwe, wanavutana nguvu mpaka mama anaona kabisa akizidi kuvuta huyu naye anakufa. Anaachia. Anakuwa jiwe yeye. Na Nassun, aliyekua bila kuamini kama anapendwa, ndiye anayeimalizia kazi ya mama yake.

Nilirudia ile sura mara tatu.

Sura za Syl Anagist, ule mji wa kale, mwanzoni zilinichosha, lakini ukishajua Hoa, yule kiumbe wa jiwe anayefuatana na Essun, na wenzake walitengenezwa huko ili wawe sehemu ya mtambo tu, na siku yenyewe wakagoma, unaielewa hasira yake yote. Halafu ile kusimuliwa kwa "wewe, wewe" ambayo najua imewakimbiza wengi kwenye kurasa za mwanzo, humu ndo inafunguka, kumbe Hoa anamsimulia Essun maisha yake ili akiamka kwenye mwili wa jiwe ajue yeye ni nani, yaani mapenzi ya namna hiyo sijawahi kuyasoma popote.

Kinachoniuma ni Nassun. Mtoto bado mdogo, kamuua baba yake kwa nguvu zake mwenyewe, mama kageuka jiwe mbele ya macho yake, halafu anaondoka na watu asiowajua na kitabu kinaisha. Nilitaka hata sura moja zaidi ya kwake.