Bluzi-roki inapaa, lakini gitaa linamjibu nani?

Mwaka 2017 gazeti la Washington Post liliandika habari ndefu kuhusu kifo cha kimyakimya cha gitaa la umeme. Mwaka uliofuata Gibson, kampuni inayotengeneza gitaa maarufu liitwalo Les Paul, ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, ingawa sehemu kubwa ya madeni hayo yalitokana na biashara ya redio na vifaa vya sauti vya majumbani, si magitaa. Waombolezaji walishakaa matangani. Kisha ikaja 2020, korona ikawafungia watu ndani, na Fender, kampuni nyingine kubwa ya magitaa, ikatangaza kwamba haijawahi kuuza kiasi hicho tangu ianzishwe. Maiti ikaamka, ikaomba chai.

Walionufaika na ufufuko huo, kwa ninavyoona mimi, ni wapigaji wa bluzi-roki, yaani bluzi iliyochanganywa na roki, kuliko wengi: Joe Bonamassa, Gary Clark Jr., Christone Ingram anayeitwa Kingfish, Samantha Fish, Marcus King, Eric Gales, na dada wawili wa bendi ya Larkin Poe. Video za vidole vyao zinasambaa simuni, kumbi zinajaa, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan alipokufa kwa ajali ya helikopta mwaka 1990 wanajifunza kuvuta nyuzi kama yeye.

Niondoe kwanza utata wa jina. Kwetu ukitaja bluzi, mtu aliyekulia kwenye madisko ya zamani anakumbuka zile nyimbo za taratibu za mwisho wa usiku, taa zikishapunguzwa na kila mtu anatafuta wa kucheza naye. Ninayoisema hapa ni bluzi ya Wamarekani Weusi wa Mississippi: vipimo 12, kodi tatu (noti zinazopigwa kwa pamoja), si zile za TRA, na mwimbaji anayesema jambo, kisha gitaa linamjibu. Hilo la kujibu ndilo linalonisumbua.

Wanaolalamika kwamba bluzi-roki ya leo haina roho wana hoja, na mara nyingi wanaanza na Bonamassa. Alizaliwa 1977 katika jimbo la New York, na akiwa na miaka 12 alikuwa tayari akimfungulia jukwaa B.B. King, gwiji wa bluzi. Leo yeye na meneja wake wanatoa albamu kupitia kampuni yao wenyewe, wanakodi kumbi wenyewe, na wana hata safari za meli ya kitalii ambako mashabiki wanalala na kuamka na bluzi. Albamu zake zimeshika namba moja kwenye orodha ya bluzi ya jarida la Billboard la Marekani zaidi ya mara 20, rekodi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Wakosoaji wanasema huo ni uchuuzi uliovaa suti na miwani myeusi: ufundi tele, machozi hakuna.

Hoja ya machozi siiafiki. Hakuna mtu anayepimwa dhiki mlangoni kabla ya kuruhusiwa kupiga gitaa, na B.B. King hakuacha kuwa B.B. King siku alipoanza kulala kwenye hoteli nzuri. Kasoro ninayoisikia mimi ni nyingine. Kuna nyimbo za Bonamassa ambazo sauti ikishamaliza ubeti, gitaa linaingia kama mgeni rasmi aliyechelewa: hotuba yake iko mfukoni, na hata halikusikia waliotangulia walisema nini. Noti zinamwagika dakika tatu, nne, safi zote, halafu unajiuliza zilikuwa zinamjibu nani.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi labda tunalisikia jambo hili haraka zaidi. Kwenye sebene, mpiga solo anaweza kulicharaza gitaa muda mrefu kuliko mzungu yeyote wa bluzi-roki, na hakuna anayechoka, kwa sababu solo ina kazi: kuna watu uwanjani wanacheza, na kila anapobadilisha mchezo, miguu inamjibu. Mbaraka Mwinshehe aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe, na gitaa lake lilikuwa kama mtu wa pili kwenye mazungumzo. Nenda sasa kwenye onyesho la bluzi-roki. Watu wamesimama, wamenyanyua simu, wanatazama vidole. Anayetazamwa vidole muda wote, mwishowe atapigia vidole.

Lakini utetezi wa bluzi-roki nao ni mzito, na aliyeutoa vizuri kuliko wote ni B.B. King, kwa yaliyompata. Mwaka 1967 alifika kwenye ukumbi wa Fillmore, San Francisco, akakuta foleni ya vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu, akadhani amepotea njia. Alipopanda jukwaani ukumbi mzima ulisimama hata kabla hajagusa uzi, naye akalia. Vijana wale walikuwa wamemjua kupitia wapigaji gitaa Wazungu, Wamarekani kama Mike Bloomfield na Waingereza kama Eric Clapton, watu ambao walinzi wa usafi wa bluzi waliwaita wezi. Wizi ulikuwepo, hasa kwenye hakimiliki na mgawanyo wa pesa, na hilo halifutwi na machozi ya Fillmore. Hata hivyo, mlango waliopitia mashabiki wale ulifunguliwa na waigaji. Kijana anayeanza na Bonamassa leo anaweza kuishia kwa mkongwe wa bluzi Albert King kufikia mwisho wa mwezi. Nawajua waliofanya safari hiyo. Mmoja wao ni mimi.

Halafu si wote wanaopiga bluzi-roki wanahutubia. Chukua gitaa ujaribu jambo moja. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, vidole viwili vya nyuma yake vikisaidie, kisha usukume uzi kwenda juu bila kuuachia. Noti inapanda polepole, inapita mahali ambapo piano haifiki, kwa kuwa piano ina kitufe hiki na kitufe kile na katikati hakuna kitu. Ukiusimamisha uzi hapo katikati, nusu huzuni nusu furaha, umeshafika nyumbani kwa bluzi. Wanafunzi wengi wa video wanafika, wanapita mbio. Kingfish anafika, anakaa, anauacha uzi utetemeke, kisha ananyamaza ili wimbo uendelee. Anaweza kukimbia pia, tena sana, ila unasikia kwamba ameamua.

Huyu kijana alizaliwa 1999 mjini Clarksdale, Mississippi, na alifundishwa katika Delta Blues Museum, jumba la makumbusho ambamo kumehifadhiwa mabaki ya kibanda alichoishi gwiji wa bluzi Muddy Waters kwenye shamba la Stovall. Albamu yake ya pili, 662, ambayo jina lake ni namba ya simu ya eneo la kwao, ilipata Grammy mwaka 2022. Gary Clark Jr. yeye ni wa Austin, Texas. Wimbo wake This Land ulitokana na jirani aliyekataa kuamini kwamba mwanamume Mweusi ndiye mwenye shamba la ekari zipatazo 50, akawa anauliza mwenye mali yuko wapi huku mtoto wa Clark anasikia. Mwaka 2020 ulimpa tuzo mbili za Grammy za roki, na albamu ikachukua ya tatu, ya bluzi ya kisasa. Hapo gitaa linaunguruma kwa sababu mwimbaji amekasirika, na ukiliondoa, hasira inabaki nusu. Na kwenye bendi ya Tedeschi Trucks mambo ni ya nyumbani kabisa: Susan Tedeschi anaimba, mumewe Derek Trucks anateleza na kichupa cha kioo juu ya nyuzi, na mara nyingine huwezi kusema ni mke anayelia au ni gitaa.

Linalobaki gumu kwangu ni nani anafaidi. Orodha ya bluzi ni bwawa dogo, tiketi za kumbi kubwa ni ghali, na malalamiko kwamba viti vya mbele vimejaa Wazungu wenye mvi si ya kubuni. Mwaka 2025 filamu ya Sinners ya Ryan Coogler, ambayo kisa chake kinatokea Clarksdale mwaka 1932, iliirudisha bluzi midomoni mwa Wamarekani Weusi vijana kuliko tamasha lolote. Wakazi wa Clarksdale wenyewe walilazimika kuandika ombi ili waoneshwe, maana mji wao hauna jumba la sinema. Coogler alikwenda, filamu ikaoneshwa. Mji unaouzwa dunia nzima kama chimbuko la bluzi, na wenyewe wanaomba kuletewa picha yao.

Hilo halimfanyi Bonamassa kuwa mkosaji, wala Kingfish kuwa mkombozi. Ila linanifanya nisiwe na haraka ya kushangilia takwimu za mauzo ya magitaa.

Kwa wale wa “bluzi halisi” nina kisa kimoja tu. Mwaka 1958 Muddy Waters alikwenda Uingereza na gitaa la umeme, lile alilolikumbatia Chicago kwa sababu kwenye vilabu vyenye kelele gitaa kavu lilikuwa halisikiki. Sehemu ya wapenzi wa bluzi wa kule, waliokuwa wamejiandaa kumwona mkulima na galatoni lake, walishtuka; gazetini ikaandikwa habari ya gitaa linalopiga mayowe. Naye alikuwa mtu wa kuheshimu wenyeji. Aliporudi 1963 alikuja na gitaa kavu, akapiga taratibu kama walivyotaka. Akakuta vijana wameshaunda bendi zao, mojawapo ikijiita kwa jina la wimbo wake, Rolling Stones, na wanamuuliza lile la umeme ameliacha wapi.