Mjomba Alitaka Jazz

Kwetu Tanga, ukitaja jazz mbele ya mzee usidhani atawaza Marekani. Atawaza bendi zetu za zamani, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magitaa yanabembeleza na watu wanacheza bila haraka. Hilo nalijua leo. Siku ya harusi ya binamu yangu, hapa Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba, sikulijua.

Muziki nilisimamia mimi, kwa simu yangu na spika mbili za kukodi. Mjomba, baba wa bibi harusi, akaniinamia sikioni: "Mpwa wangu, mtoto akiingia tupigie jazz. Tena yenye ngoma za kueleweka."

Ngoma! Si ninayo. Yaitwa "Krupa", ya mwaka 1996, ya kundi la Uingereza liitwalo Apollo 440. Ni disko ya mitambo iliyotungwa kumuenzi Gene Krupa wa Chicago, yule aliyezitwanga ngoma kwenye bendi ya Benny Goodman miaka ya 1930 mpaka mpiga ngoma, mtu wa kukaa nyuma, akawa nyota. Nikajiona msomi.

Mlango ukafunguliwa. Bibi harusi akatupa hatua ya kwanza, ya maringo. Nikabonyeza.

Jamani, ngoma zile hazimsubiri mtu! Wapambe waliofanya mazoezi wiki nzima, hatua moja, tuli, hatua moja, tuli, wakaanza kufukuzana na mdundo. Bwana harusi anavuta, bibi harusi anavutwa, shangazi nyuma kang'ang'ania shela kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani. Mshereheshaji hajamaliza "mabibi na mabwana", maharusi wameshafika jukwaani. Katikati ya ukumbi kimebaki kisigino cha kiatu, peke yake.

Mtauliza mbona sikuzima. Kioo cha simu yangu kina ufa, na ufa umepita palepale pa kuzimia. Nikabonyeza, nikasugua, nikapuliza. Sauti ikapanda.

Mjomba akanijia, kanzu kaishika mkononi.

"Nani huyo?"

"Mpiga ngoma wa jazz, mjomba. Marehemu, alifariki 1973."

"Wa barabara ya ngapi?"

"Wa Chicago."

"Jina lake?"

"Krupa."

Akamtazama bintiye kule jukwaani, anahema, mguu mmoja peku.

"Ndiyo maana katukurupusha."