Bwawa la nyumbani Mtwara: klorini imiminwe na mkono au na pampu?

Mwenye nyumba wa Shangani, Mtwara, akienda Newala wiki mbili kufuatilia korosho zake, hurudi akakuta bwawa limegeuka kijani. Jua ndilo linaloila klorini, dawa inayozuia ukijani huo: maji yasiyo na dawa ya kuikinga hupoteza sehemu kubwa ya klorini kwa saa chache tu za mchana. Ndiyo maana wengi wanavutiwa na pampu ndogo inayodondosha klorini ya maji yenyewe kila siku. Naiunga mkono, lakini kwa masharti.

Faida yake inahesabika. Tuchukue bwawa la lita 40,000 linalopoteza miligramu 2 kwa kila lita kwa siku. Hizo ni gramu 80 za klorini, sawa na mililita 800 hivi za dawa ya asilimia 10. Pampu inayotoa mililita 50 kwa dakika humaliza kazi kwa dakika 16, jua likishazama, kiasi kilekile kila siku. Mkono wa mtu husahau leo, kesho ukafidia kwa kuzidisha.

Hofu yangu ni umeme. Ukikatika kisha ukarudi, pampu kubwa ya kuzungusha maji inaweza kuwaka bila kuvuta kwa sababu imeingia hewa, huku ile ndogo ikiendelea kudondosha. Klorini hujikusanya bombani, na mzunguko ukirejea hutoka kwa mkupuo mbele ya mtoto anayeogelea. Ikiwa na asidi nayo inaingizwa kwenye bomba hilohilo, viwili hivyo vikikutana huzaa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Kuziunga pampu zote kwenye swichi moja hakutoshi. Panatakiwa swichi inayohisi mkondo wa maji bombani, ikate pampu ndogo maji yasipopita. Fundi akisema si lazima, tafuta mwingine.

Mashine zenye kihisi, zinazojipimia na kujiamulia, bado nazisitia kwa bwawa la nyumbani. Kihisi kilicho kwenye nyingi kati yake hakihesabu klorini yenyewe, na usomaji wake huyumbishwa na pH (kipimo cha uasidi wa maji) pamoja na ile dawa ya kukinga jua. Kisiporekebishwa mara kwa mara hudanganya, na mashine humimina kwa kufuata uongo huo.

Lipo pia suala la dumu. La lita 20 linaonekana kupunguza usumbufu, lakini vali ikiharibika na dawa yote ikafyonzwa, bwawa letu litapata miligramu 50 kwa lita, wakati kiwango cha kuogelea ni 1 hadi 3. Isitoshe, dawa hupoteza nguvu kwa joto: kila linapopanda nyuzi 10, kuharibika kwake huongezeka zaidi ya mara tatu. Ningeweka dumu la lita 5, kivulini, penye hewa. Litaisha baada ya siku sita, na anayekuja kulijaza atapima maji na kukagua mpira wa pampu, ambao huchakaa na kupasuka. Mwenye korosho zake Newala bado anahitaji mtu wa kumwachia kazi hiyo.