Wakomunisti wa Chini ya Ardhi Wamehamia Sebuleni Kwangu

Tangu mpwa wangu amalize kidato cha nne na kuja kukaa nasi hapa Nyalenda, nyumba yangu imekuwa chini ya chama ambacho hakijasajiliwa popote. Kijana hushinda kwenye banda la michezo ya video akicheza Metro 2033, mchezo wa mwaka 2010 uliotokana na riwaya ya Mrusi Dmitry Glukhovsky, ambamo vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia na masalio ya watu wa Moscow wanaishi katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Huko kila kundi lina serikali yake, nasi tumeletewa ile isiyomfaa kabisa mtu anayelipa kodi ya nyumba: Laini Nyekundu.

Hawa ni wakomunisti walioitwaa njia ya Sokolnicheskaya, ambayo ni njia halisi, ya kwanza kabisa katika metro ya Moscow, iliyofunguliwa mwaka 1935 na ambayo hadi leo huchorwa kwa rangi nyekundu ramanini. Watu wanafuga nguruwe na kukuza uyoga gizani, lakini chama kimepata nafasi ya kurudisha majina ya enzi ya Kisovieti, kituo cha Lubyanka kikawa tena Dzerzhinskaya. Mtu hana jua, hana sukuma wiki, na kikao kinajadili ubao wa jina! Niliwaamini papo hapo, kwa maana kamati ya ploti yetu nayo ilikesha ikijadili muhuri ilhali tangi la maji lilikuwa kavu.

Simlaumu kijana kwa kuwapenda Warusi. Alizaliwa Russia, maana ndivyo sisi wa Kisumu tunavyoiita hospitali kuu ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kinachoniudhi ni sera zake. Chaja yangu ni mali ya umma, patipati zangu ni mali ya umma, na juzi nilipofunua sufuria nilimkuta samaki wangu wa ngege amelazwa vizuri, upande wenye nyama ukitazama juu. Nilipomgeuza, upande wa pili ulikuwa mifupa mitupu. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu zote, "Mjomba, kila mtu apate kwa kadiri ya mahitaji yake." Sehemu ya kwanza ya msemo huo, ile ya kila mtu kutoa kwa kadiri ya uwezo wake, haijawahi kusomwa nyumbani kwangu.

Adui mkubwa wa Wekundu ni Hanza, muungano wa vituo vya njia ya duara, wenye kushika biashara na kutoza ushuru. Kwetu Hanza ni mke wangu, mwenye ufunguo wa kabati la sukari. Katika riwaya, vita vyao viliisha kwa mkataba ambao Wekundu waliachia kituo cha Maktaba ya Lenin wakapewa kile cha Uwanja wa Mapinduzi, yaani walimtoa Lenin mwenyewe sokoni. Hapa nyumbani pia wameandikiana: mke wangu amepata tamthilia yake ya saa mbili usiku, kijana amepata rimoti baada ya hapo, na zamu ya kuosha vyombo imeniangukia mimi, ambaye sikuitwa kikaoni ingawa televisheni hiyo bado nailipia polepole.

Huko chini fedha ni risasi, kwa hiyo kila anayefyatua bunduki anaulipua mshahara wake. Nilijaribu kumweleza kuwa tokeni za stima ni vivyo hivyo, akaniomba nisimame pembeni kidogo kwa sababu nilikuwa namziba.

Wiki iliyopita alipata kibarua cha kubeba mbao kwenye mjengo kule Mamboleo, akalipwa shilingi 700. Nilimngoja sebuleni na daftari langu, nikiwa tayari kuzigawa kwa kadiri ya mahitaji ya umma. Alikohoa kidogo, kisha akanifahamisha kuwa Laini Nyekundu iliahirisha mapinduzi ya metro nzima, ikaamua kujenga ukomunisti katika njia moja tu kwanza. Nikamuuliza njia hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi.

"Inaanzia jikoni, mjomba, inaishia kwenye kochi lako. Chumba changu hakimo ramanini," akasema, akaingia na kufunga mlango kwa kufuli niliyoinunua mimi.